Tusimsingizie Shetani Gurudumu Bovu



Wengi wetu hapa Lubumbashi twaenda kazini kwa baiskeli, au kinga kama tuiitavyo. Toka Katuba, toka Ruashi, toka Kampemba, alfajiri barabara hujaa waashi, walinzi, walimu na wauguzi, pamoja na ndugu zetu waletao magunia ya makala kutoka porini. Kinga ikiharibika saa kumi na moja asubuhi, mkate wa siku hiyo umo hatarini. Jambo hili huonekana dogo, lakini twaona lastahili kutafakariwa mbele ya Mungu.

Mmoja wa chama chetu, mfanyakazi wa kituo cha afya, ametupa ruhusa kusimulia yaliyompata bila kumtaja jina. Asubuhi moja ya majira ya mvua alikuta gurudumu la nyuma halina hewa. Akapiga pampu, hewa ikatoka tena. Akasema mbele ya watoto wake, "Shetani hapendi niende kazini leo." Kisha akampelekea mkuu wake ujumbe wa simu kwamba amefiwa na mjomba. Mwenzake wa zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mchanga nyumbani, hakuweza kuwaacha wagonjwa peke yao. Akakaa mpaka saa nane mchana. Siku mbili baadaye mama yule yule alimletea bahasha: ndio mchango wa wenzake kwa ajili ya matanga. Mjomba mwenyewe yu hai hata leo.

Tusifanye haraka kumhukumu ndugu huyu. Wangapi kati yetu tumekwisha kumzika mtu mzima ili tupate ruhusa? Afadhali tuulize kosa lilianzia wapi. Kwa siku tatu mpira ule ulikuwa ukipoteza hewa. Kila jioni aliujaza, akaenda kulala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shetani hakuutoboa mpira. Kama alifanya kazi yoyote asubuhi ile, aliifanya katika ule ujumbe wa simu.

Maoni yetu ni haya: tumezoea kumtwika Mungu na shetani mizigo iliyo yetu. Mnyororo usiotiwa mafuta ukikatika, twasema ni majaribu. Breki zilizolika zikitutupa mferejini, twasema Mungu amependa hivyo. Tena wako wenzetu ambao, wakiharibikiwa mara mbili katika juma moja, huanza kumtazama bibi kizee wa jirani kwa jicho baya. Hapo uzembe wetu unageuka kuwa dhambi juu ya mtu asiye na hatia. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi nasi, tukipatwa na shida, tusikimbilie kutafuta laana wala mchawi. Kwanza tutazame nati, mnyororo na mpira.

Ni kweli kwamba hata baiskeli iliyotunzwa vema huweza kuchomwa na msumari. Lakini wale mabikira watano wenye busara hawakujua saa ya bwana arusi; walichojua ni kwamba taa huhitaji mafuta. Vivyo hivyo, dakika chache za jioni zatosha: kubonyeza tairi kwa kidole gumba, kuzungusha magurudumu, kujaribu breki, kukaza nati na kuupaka mnyororo mafuta. Mnyororo ukiwa umelegea, fungua nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma kidogo, hakikisha limenyooka, ndipo ukaze.

Na ukikuta tairi halina hewa asubuhi, usifadhaike. Lijaze, kisha tia mate juu ya vali. Yakitoa mapovu, huenda kilichochakaa ni kijimpira cha ndani ya vali tu, ambacho hubadilishwa upesi. Vali ikiwa nzima, utoe mpira wa ndani, uujaze hewa, uutumbukize katika beseni la maji na ufuate mapovu mpaka kwenye tundu. Ukaushe, usugue mahali pale, upake gundi, ungoje ikauke kidogo ndipo ubandike kiraka. Kabla ya kuurudisha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba ukibaki humo, utatoboa tena kabla hujafika mjini. Ndivyo ilivyo pia toba isiyoondoa chanzo cha dhambi.

Ikiwa haitengenezeki, basi tuseme kweli, na tuiseme mapema: "Kinga yangu imeharibika, ninakuja kwa miguu, nitachelewa." Mtu atatujibu: "Ninyi hamwajui wakubwa wa kazi! Kweli hiyo itanipunguzia mshahara." Twajua, na hatusemi kwamba kweli ni bure. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alikataa rushwa ili chakula kibovu kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 2025. Sisi hatudaiwi damu. Twadaiwa kuvumilia karipio la asubuhi moja. Nanyi mnaowasimamia wengine, sikieni: anayemnyima mtu ujira wa siku nzima kwa ajili ya nusu saa huwafundisha watu wake kusema uongo.

Wala tusimwache mtu na shida yake peke yake. Jirani mwenye pampu asiifiche. Kijana wa kwado, anayeinama barabarani kutuzibia mpira wakati sisi tunatazama saa, alipwe haki yake bila kubishana mno. Naye yuko kazini, na watoto wake wanangoja. Hatuwezi kudai haki kwa wakubwa wetu huku tukimnyima aliye chini yetu.

Ndugu yetu aliirudisha bahasha. Aliwaambia wenzake ukweli, akaaibika, kisha akafanya zamu mbili za usiku mahali pa yule mama. Anasema mama hakumjibu kitu siku ile. Alipokea zamu zile tu, akaenda kwa mtoto wake. Baada ya hapo, kila jioni yeye na watoto wake waliosikia habari ya shetani huikagua kinga pamoja.

Twapendekeza basi kwamba Jumamosi ijayo, baada ya mkutano wa vijana, kila kikundi kilete beseni, pampu, spana, gundi na viraka, na kila mmoja ajifunze kuziba mpira kwa mikono yake. Kisha tuzitazame pia kinga za wazee wa shirika letu wasio na mtu wa kuwasaidia. Jumatatu alfajiri kuna mtu aliyekesha anayetungoja ili naye aende kwake.

Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, utuombee.