Tupime Filamu kwa Umri wa Mtoto

Kila siku baada ya sala ya Isha, katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, wazee na watoto huketi pamoja mbele ya televisheni kuangalia filamu na tamthilia. Ni jambo jema jamaa kuwa pamoja. Lakini katika mkusanyiko huo mna mtazamaji mmoja ambaye pengine hakufikiriwa kabisa wakati filamu ile ilipotengenezwa, naye ni mtoto. Mtu mzima akiona mke anamtilia mwenzake sumu katika kikombe cha chai, hujua kuwa ule ni mchezo na kwamba aliyeanguka atainuka kamera ikizimwa. Mtoto wa miaka mitano hana hakika hiyo. Swali tunalotaka kulizungumza leo ni hili: nani aipime filamu ya maigizo kuwa yafaa au haifai kwa mtoto, na kipimo chake kiwe kipi?

Zamani swali hili lilikuwa jepesi zaidi. Filamu zilioneshwa katika majumba ya senema, kama vile Majestic, Cine Afrique na Empire ya Mjini Unguja, na kila mtazamaji alipita mlangoni, akatoa tiketi yake kwa mtu aliyeweza kumtazama usoni na kumrudisha kwao. Televisheni Zanzibar ilipoanza katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa chombo kimoja chenye uongozi mmoja. Leo mlango huo umekuwa milango mia. Filamu huingia kwa dishi na king'amuzi, huingia katika kibanda cha video cha mtaani, na huingia kwa simu ambayo mtoto huazimwa ili anyamaze. Mkaguzi aliyekuwa akisimama penye mlango mmoja hawezi kusimama penye milango yote hiyo.

Haiwezi kusemwa kuwa Visiwa hivi havina sheria. Tume ya Utangazaji iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni ya mwaka 2011. Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni liliwekwa kwa sheria ya mwaka 2015, na neno sensa limo katika jina lake lenyewe. Aidha, Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Ibara ya 17 ya mkataba huo yasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto ana haki ya kupata habari na maarifa yenye manufaa kwake, na kwamba yapasa kuwekwa miongozo ya kumkinga na yale yenye kumdhuru. Ni vyema mambo yote mawili yakakumbukwa, kwani watu wengi hukumbuka moja tu.

Twaona kuwa tatizo letu la kwanza ni kipimo. Kwa desturi, filamu hupimwa kwa yale yanayoonekana upesi: busu ngapi, risasi ngapi, nguo fupi kiasi gani. Kipimo hiki chaweza kuzuia filamu ya vita na filamu ya uchi, lakini tamthilia ya nyumbani hukipita bila ya taabu. Ndani yake hamna bunduki. Mna mama mkwe anayemdhalilisha mkwewe kila siku, mtumishi anayepigwa vibao na bibi mwenye nyumba, mume anayedanganya na kusifiwa kwa ujanja wake, na jirani anayekwenda kwa mganga kutafuta maangamizi ya mwenzake. Mambo haya huoneshwa sehemu baada ya sehemu, hata mchana watoto wanaporudi kutoka skuli, na huoneshwa katika vyumba vizuri, na watu waliovaa vizuri. Mtoto hatoki hapo akiwa na hofu ya risasi. Hutoka akiwa amejifunza namna ya kumsemesha mtumishi.

Kwa upande wa pili, kipimo hicho hicho kinaweza kuidhulumu kazi njema. Wazee wetu waliokwenda senema wanazikumbuka filamu za Kihindi zilizopendwa sana hapa. Katika filamu ya Mother India ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan, mama aitwaye Radha, mchezo alioucheza Nargis, anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, anapomteka binti wa mkopeshaji. Anayehesabu risasi ataandika kuwa humu mna mama anayemwua mwanawe, na ataifunga kwa watoto wote. Lakini anayeitazama hadithi yote ataona mama aliyelima kwa mikono yake, akastahimili njaa na deni, na ambaye hakukubali heshima ya binti wa watu ivunjwe hata na damu yake. Hatusemi kuwa filamu hiyo yamfaa mtoto wa miaka sita. Twasema kuwa kijana wa miaka 14 akiiona pamoja na wazee wake, na akaelezwa, huenda akapata humo funzo kubwa kuliko alilolipata katika tamthilia mia zisizo na risasi hata moja.

Nchi zilizotutangulia katika kazi hii zimejifunza polepole. Bodi ya Uingereza iliundwa mwaka 1912 ikiwa bodi ya udhibiti wa filamu. Mwaka 1984 ilibadilisha jina, neno la udhibiti likaondolewa, likawekwa neno la kupanga filamu kwa madaraja. Mwaka huo huo Marekani iliongeza daraja jipya la PG-13, baada ya wazazi kulalamika kuwa filamu zilizoruhusiwa kwa wote zilikuwa zikiwatisha watoto wadogo. Maana ya mabadiliko hayo ni kuwa mkaguzi alianza kuuliza filamu inamfaa nani, badala ya kuuliza tu ikatwe wapi.

Uko mfano unaofaa kuangaliwa. Mwaka 2010 ilitoka filamu ya maigizo iitwayo The King's Speech, inayosimulia jinsi Mfalme George wa Sita wa Uingereza alivyohangaika na kigugumizi, na jinsi Lionel Logue alivyomsaidia kusema. Katika zoezi la kuufungua ulimi, mfalme hutamka mfululizo wa maneno machafu. Wakaguzi wa Uingereza mwanzoni waliipa alama ya miaka 15. Wasambazaji walikata rufani, na alama ikashushwa hadi 12A, ambayo humruhusu mtoto aliye chini ya miaka 12 kuiona akifuatana na mtu mzima, pamoja na onyo lililoeleza kuwa maneno hayo yamo katika matibabu ya kusema. Marekani iliiwekea alama ya R, ambayo humtaka aliye chini ya miaka 17 afuatane na mzazi au mlezi.

Tunajifunza hapa mambo matatu. Neno baya halina uzito mmoja kila mahali; litamkwapo kwa tusi si sawa na litamkwapo kwa matibabu. Uamuzi wa mkaguzi unaweza kuulizwa na kurekebishwa, naye asione haya kuurekebisha. Na ikiwa nchi mbili zenye lugha moja zimeitazama filamu moja na kuipa alama mbalimbali, basi alama ya mgeni haiwezi kuwa hukumu yetu. Sisi tuna haya zetu, tuna dini zetu na malezi yetu. Filamu iliyopewa ruhusa ya watoto huko ilikotoka bado haijapimwa hapa.

Jambo hili ni zito zaidi kwa tamthilia za Uturuki, India, Ufilipino na Korea zinazotiwa sauti za Kiswahili. Zamani lugha ya kigeni ilikuwa pazia. Mtoto aliona picha, lakini maneno mengi yalimpita. Pazia hilo sasa limeondolewa. Tusi hutamkwa kwa lugha ya mama yake, na hila hupangwa kwa lahaja anayoisikia dukani. Kazi hiyo ya kutia sauti ni ya ustadi na imewapa vijana wetu ajira, nasi twaipongeza. Lakini atakayekagua lazima asikilize Kiswahili kilichotiwa, asiridhike na karatasi iliyokuja na filamu.

Kwa maoni yetu, kila filamu ya maigizo iulizwe maswali manne kabla ya kuruhusiwa kwa watoto. La kwanza: mtoto wa umri gani aweza kufahamu kuwa hili ni igizo, na aweza kustahimili huzuni na hofu iliyomo? La pili: uovu uliomo una gharama, au mwovu hubaki mwenye kupendeza hadi mwisho? La tatu: wanyonge wa hadithi, yaani watoto, watumishi, wajane, vilema na maskini, wametazamwa kama watu au wamewekwa ili wachekwe? La nne: filamu itaoneshwa saa ngapi, wapi, na mtoto atakuwa na nani?

Maswali haya hayataki kila jambo gumu lifichwe. Filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inazungumzia Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi, siasa ya kupigania uhuru, na msichana aliyeozwa mume mwenye umri mkubwa. Si hadithi ya mtoto mdogo. Lakini msichana wa skuli ya sekondari, ambaye ndoa ya namna hiyo yaweza kumfika yeye au shoga yake, anazuiliwa kwa faida ya nani asiisikie? Kumlinda mtoto ni kumpa jambo kwa wakati wake.

Wako wanaosema kuwa kazi hii ni ya mzazi peke yake. Mzazi ana wajibu wa kwanza, na hatumwondolei. Hata hivyo, tuwe waadilifu. Baba aliyeko dago kuvua, na mama aliyeshuka pwani Paje au Jambiani kulima mwani maji yalipotoka, hawawezi kukagua tamthilia yenye sehemu mia moja kabla mtoto hajaiona. Mzazi huyo anahitaji alama iliyo wazi, aitazame mara moja na ajue la kufanya. Wako pia wanaosema tufunge vyote. Nao twawaambia kuwa mtoto aliyekatazwa kila kitu sebuleni atakwenda kibandani, na huko hayuko wa kumweleza.

Kwa hiyo twaiomba Serikali na vyombo vyake mambo manne. Kila filamu na tamthilia inayotangazwa iwe na alama ya umri kwa Kiswahili, pamoja na sentensi moja ya kueleza sababu. Saa za mchana na za mwanzo wa usiku zilindwe kwa ajili ya watoto, kama ilivyo Uingereza, ambako vipindi visivyowafaa husubiri hadi saa tatu usiku. Vibanda vya video vipewe vibali vyenye masharti ya umri na saa, na sheha awe na uwezo wa kutazama kama masharti yanafuatwa. Na katika meza ya wakaguzi akae mwalimu wa skuli, mwalimu wa chuo, mzazi na msanii, uamuzi utolewe katika muda unaojulikana, na ambaye hakuridhika apate pa kukata rufani. Msanii asiyejua filamu yake itajibiwa lini hupata hasara, na nchi hupoteza filamu za kwake ikabaki na za wageni.

Wazee nao tunawaomba jambo moja lisilo na gharama: wakae na watoto. Usiku wa ngano za zamani mlikuwa na zimwi, mama wa kambo na mauti, wala watoto hawakuharibika, kwani bibi aliyezisimulia alikuwapo, akaona uso wa mjukuu wake, na akajua wapi pa kuifupisha hadithi. Televisheni haimwoni mtoto anayeitazama. Ikiwa mtu mzima naye amesimama na kuondoka, basi mtoto ameachwa peke yake na mtu asiyemjua. Baraza na Tume waweke alama, mwenye kibanda aziheshimu, na mzazi azisome. Watoto wa Visiwa hivi watatazama filamu kesho jioni kama walivyotazama jana, na haifai wangoje mpaka wakubwa wamalize kubishana.