Mnyororo kwanza, sababu baadaye?

Ndugu zangu wa Timbwani, vijana wetu wanavuka feri na pikipiki kwenda kusoma Tudor, TUM. Chuo kupanga maegesho, hatubishi. Lakini chuo cha umma si boma la mtu!

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kiko wazi: uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haki, na ukigusa haki yako vibaya, upewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 54 nacho kinamlinda mlemavu: ana haki ya kufika mahali pote kwa njia ya kuridhisha.

Basi kanuni na faini zibandikwe getini, kwa Kiswahili, kabla gurudumu halijafungwa mnyororo. Kisirani cha askari wa geti si sheria. Ukitozwa, dai risiti na sababu. Usinyamaze!