Kupumzika si uvivu

Wasee, nina sikoseli na naishi Garissa, kwa hivyo nisikizeni. Saa nane mchana, nyuzi 36, kocha mmoja alinikimbiza raundi kumi bila maji, eti niache uvivu. Usiku nililala wodini. Mwili ukikauka, chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa. Maumivu yanatoka hapo, si maigizo.

Na nyinyi wazazi, msitufungie nyumbani kama mayai. Mazoezi tunayataka: asubuhi au jioni, polepole, chupa ya maji mkononi. Nikichoka napumzika, siombi ruhusa.

Kocha unayetuita wavivu, mvivu ni wewe: umeshindwa hata kuuliza huu ugonjwa ni nini.