Babu wa Kinubi hakuwa na cheti, na serikali inajua kwa nini

Kwa miaka mingi, kijana wa Kinubi aliyezaliwa Makina au Lindi, Kibera, amekuwa akitimiza miaka 18 na kujikuta mbele ya kamati ya uhakiki. Jirani yake Mluhya au Mkikuyu hupeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akachukuliwa alama za vidole, akaenda zake. Mnubi huulizwa babu yake alikuwa nani, babu wa babu alitoka wapi, na karatasi ya kuthibitisha hayo iko wapi. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza kwamba uhakiki huo wa ziada ukome. Ni hatua ya haki iliyochelewa mno. Lakini tangazo huondoa kamati tu. Fikra iliyoizaa bado imekaa maofisini: kwamba familia isiyoweza kutaja asili yake kwa uhakika ni familia ya kutiliwa shaka. Mimi nasema shaka hiyo ilitengenezwa na majeshi na serikali zilizowatumia Wanubi wa kwanza, kwa hiyo dola iliyorithi kazi yao ndiyo yenye wajibu wa kuitafutia majibu. Mjukuu hana deni hapo.

Tutazame jinsi nasaba hizi zilivyokatika. Muhammad Ali wa Misri alipotuma jeshi kuiteka Sudan mwaka 1820, moja ya mambo aliyoyafuata ni watumwa wa kufanywa askari. Kwa zaidi ya nusu karne wavamizi waliteka vijana katika milima ya Nuba, kandokando ya Nile Nyeupe na kusini zaidi, wakawaingiza jeshini pamoja na Wadinka, Washiluki, Wabari, Wamakaraka na wengine wengi. Aliyetekwa alisilimishwa na kupewa jina jipya: Rehan, Murjan, Almas, Farajallah. Asiye na baba Mwislamu mara nyingi aliandikwa ni mwana wa Abdallah. Kwa jina hilo moja, ukoo wote wa nyuma ulifutwa. Kisha Wamahdi wakaasi, Khartoum ikaanguka Januari 1885, na askari wa jimbo la Ikweta chini ya gavana Emin Pasha wakabaki wamekatika na dunia. Msafiri Stanley alipomchukua Emin kuelekea pwani mwaka 1889, askari wengi walibaki na afisa wao Selim Bey karibu na Ziwa Albert. Huko ndiko Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kibeberu ya Afrika Mashariki alikowakuta mwaka 1891. Aliondoka na askari mia kadhaa, na nyuma yao msafara wa maelfu ya wanawake, watoto na wafuasi. Kutoka hapo walitumika Uganda, wengine wakaasi mwaka 1897 kwa kuchoshwa na safari zisizokwisha na ujira duni, na hatimaye wengi wao na wana wao wakawa nguzo ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Wastaafu ndio waliopewa kukaa katika msitu wa Kibera, ambao jeshi liliutenga kwa ajili yao kuanzia 1904, eneo lililopimwa baadaye kuwa zaidi ya ekari 4,000.

Sasa mtu aulize: ni karatasi gani ingeweza kubaki? Daftari la jeshi liliandika askari na namba yake. Wanawake wa msafara ule hawakuwa na namba, ingawa wao ndio bibi wa kila familia ya Kinubi iliyopo leo. Waliokutana na askari njiani, katika nchi za Walendu, Waalur, Walugbara, Wanyoro na Waganda, waliolewa, wakasilimu, wakajifunza lugha ya kambini, na majina ya kwao yakapotea kizazi kimoja tu baadaye. Lugha yenyewe ni shahidi. Mtaalamu wa isimu Bernd Heine alichapisha mwaka 1982 kitabu kuhusu Kinubi cha Kibera, akakieleza kuwa krioli yenye msamiati wa Kiarabu. Lugha ya namna hiyo huzaliwa pale watu wa makabila mengi wanapolazimika kuishi pamoja bila lugha ya kwao inayowaunganisha. Kumdai Mnubi ataje kabila moja la asili ni kumdai kitu ambacho historia yake inakikanusha. Akitaja Bari atakuwa amewasahau bibi watatu. Akitaja Sudan atakuwa amejitia kitanzi, maana afisa ataandika kuwa ni mgeni. Na hata karatasi za hapa nchini zina pengo: kwa miongo mingi usajili wa watu Kenya ulikuwa wa wanaume, na wanawake waliingizwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1978. Anayedai kitambulisho cha bibi aliyefariki kabla ya hapo anadai kitu ambacho serikali haikuwahi kukitoa.

Wanubi si watu wa kwanza duniani kukabiliwa na jambo hili. Wafaransa waliohamia Acadia, pwani ya mashariki ya Kanada, kuanzia karne ya 17, wana utata uleule katika vizazi vyao vya mwanzo. Vitabu vingi vya parokia vilipotea, na Waingereza walipoanza kuwafukuza mwaka 1755 familia zilitawanywa huku na huko. Hadi leo watafiti wanabishana juu ya baadhi ya wake wa mwanzo, kama walitoka Ufaransa au walikuwa wenyeji wa Mi'kmaq. Ninalolitaka kwao ni jambo moja lililotokea mwaka 1767. Familia 78 za Waacadia zilikuwa zimepewa makazi katika kisiwa cha Belle-Île-en-Mer, Ufaransa, bila vyeti vya ubatizo wala ndoa. Mahakama ya Bretagne iliamuru wakuu wa familia waite mashahidi na kutoa nasaba zao kwa kiapo: walizaliwa wapi, wazazi ni nani, babu alifika lini. Maelezo hayo yakaandikwa na kuchukua nafasi ya vitabu vilivyopotea. Yana makosa, na wanahistoria wameyasahihisha mara nyingi. Lakini dola ya kifalme, isiyojulikana kwa huruma, ilikubali kwamba kumbukumbu ya wazee iliyotolewa hadharani na kusikilizwa na majirani ni ushahidi. Kenya ya katiba ya 2010 inashindwaje?

Wala hatuna haja ya kwenda Ufaransa kutafuta mfano. Tazama Kawangware, kilomita chache tu kutoka Kibera. Ardhi ile ni sehemu ya Dagoretti ya kale, ambako Lugard huyohuyo alijenga kituo Oktoba 1890 na kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipokaa kuanzia 1932, mbari (koo) za Wakikuyu wa Kiambu zilifika mbele yake na nasaba za mdomo: nani alinunua githaka (ardhi ya mbari), kwa Mdorobo (mwindaji mwenyeji wa msitu) yupi, akamzaa nani. Tume haikuwatendea haki. Lakini iliwasikiliza, na ushahidi wao ulichapishwa katika majuzuu 3. Tume hiyohiyo iliwaangalia Wanubi wa Kibera na kuona kwamba ni wapangaji kwa hisani ya serikali tu. Yaani neno la mzee lilifaa kusikilizwa likitoka upande mmoja wa barabara, na upande wa pili halikujenga haki yoyote. Leo Kawangware imejaa watu ambao wazee wao walikuja kutafuta kazi kutoka Kakamega, Vihiga, Murang'a na kwingineko. Akiulizwa kwao, kijana wa huko hutaja kijiji ambacho pengine amelala usiku wa mazishi tu, na afisa huridhika. Anaaminiwa kwa sababu lipo eneo kwenye ramani la kuegemezea jina lake. Mnubi akitaja Kibera huambiwa hapo si kwao, ingawa familia yake huenda imezika wafu wake pale tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Wapo watakaosema kwamba mlango ukilegezwa kila mtu atajitungia babu wa Kinubi, na kwamba nchi iliyoshambuliwa na magaidi haina budi kuwa makini. Wasiwasi huo si wa kupuuzwa. Lakini nasaba ya mdomo ina namna ya kupimwa. Jan Vansina, mwanahistoria aliyeshughulikia masimulizi ya Kiafrika kuliko wengi, alifundisha kulinganisha simulizi za koo zisizo na masilahi ya pamoja, kisha kuzipambanisha na maandishi. Kibera ina kumbukumbu za msikiti, makaburi, na hati za ruhusa ya shamba walizopewa askari. Jeshi liliacha orodha za malipo, na baadhi ya kumbukumbu zake zimo London. Mtu anayedanganya juu ya jirani wa miaka 80 atakamatwa na jirani. Kamati za zamani, zilizomwita kijana mmoja mmoja chumbani na kumtaka karatasi ambayo haipo, zilifungua mlango wa hongo na hazikupima chochote.

Wengine watapendekeza vinasaba. Kipimo hicho kinaweza kuonyesha kwamba sehemu ya damu ya mtu inafanana na ya watu wa bonde la Nile. Hakiwezi kutaja babu, wala mwaka aliofika, wala kambi aliyostaafu. Na kikiwekwa mikononi mwa afisa mwenye shaka, kitakuwa ushahidi wa ugeni dhidi ya mtu aliyezaliwa hapa. Familia inayotaka kujua kwa hiari yake ina haki hiyo. Serikali isikiguse.

Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua Machi 2011 kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi kuwa na uraia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaamua kesi ya wazazi wao mwaka 2015. Juni 2017 jamii ikapewa hatimiliki ya ekari 288, kipande kidogo cha zile 4,000. Uraia na ardhi vimeanza kurudi kidogokidogo, lakini kumbukumbu inakufa kwa kasi zaidi, kwa kuwa waliowasikia askari wa kwanza kwa masikio yao ni wachache na ni wazee sana. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina jukumu la kwenda Kibera sasa, pamoja na idara ya historia ya chuo kikuu na wazee wa jamii, kurekodi nasaba za familia moja moja kwa kiapo na mbele ya majirani, bibi wakitajwa sawa na babu. Pale jina la kwao lisipojulikana, liandikwe kuwa halijulikani. Nakala moja ikae Makina, nyingine katika Hifadhi hiyo ya Taifa, Moi Avenue, na ya tatu katika ofisi ya usajili wa watu, ili kijana atakayetimiza miaka 18 mwakani asitumwe kutafuta karatasi ya babu ambayo hakuna ofisi iliyowahi kuitoa.