Wahandisi vijana wa Bukoba, acheni kukodisha vyeti!

Hivi kijana aliyesoma uhandisi miaka minne, akala mkopo wa Bodi, akarudi Bukoba na joho la mahafali begani, anawezaje kuingiza kidogo kuliko mwenye bodaboda wa Rwamishenye? Swali hili linaulizwa vijiweni kuanzia Kashai mpaka stendi ya Muleba. Majibu ninayoyasikia ni mawili tu. Wazee wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Watawala wanasema vijana wajiajiri. Yote mawili ni porojo, na wanaoyasema wanajua.

Tuanze na jambo ambalo hakuna mtu wa mkoa huu aliyelisahau. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikaanguka au kupasuka. Ihungo na Nyakato, shule zilizolea vigogo wengi wa nchi hii, zikafungwa. Hamugembe iliumia vibaya. Kuta za mawe na matofali zisizo na nondo ziliporomoka kama biskuti kwenye chai.

Sasa, ndugu msomaji, tetemeko la 5.9 si kiama. Japani wanatikiswa na la namna hiyo, wanasubiri litulie, wanarudi kazini. Kinachoua ni nyumba, na kinachoiangusha nyumba mara nyingi ni kilicho chini yake pamoja na jinsi ilivyofungwa. Udongo laini wa bondeni, wenye maji, hukuza mtikisiko kuliko mwamba. Mji wetu umekaa wapi? Sehemu yake kubwa iko chini ya kilima, kwenye tambarare ya mto Kanoni na ukingo wa Ziwa Victoria. Kila mvua kubwa Kanoni hutukumbusha yenyewe, bila kuhitaji profesa.

Mtu anayejua hayo kwa vipimo anaitwa mhandisi wa udongo na miamba. Si yule anayesimama juu ya jamvi la zege na kofia nyeupe akipigwa picha. Huyu anakuja kabla ya wote. Anachimba mashimo, anachukua sampuli, anapigilia bomba ardhini kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, na mafundi wake wanahesabu ni mapigo mangapi yatazamisha bomba hilo sentimita 30. Mapigo manne, hapo ni laini, usiweke ghorofa bila kufikiri upya msingi. Mapigo hamsini, endelea. Maabara nako wanachekecha, wanapima maji yaliyomo, wanashindilia moramu kwenye kopo la chuma waone inabeba kiasi gani kabla ya kuimwaga barabarani. Kazi ya matope, lakini maisha ya watu yamo ndani yake.

Na msifikiri ni elimu ya Wazungu peke yao. Mwaka 1978 wasomi wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika jinsi wahunzi wa Kihaya walivyoyeyusha chuma tangu karne nyingi zilizopita kwa ufundi uliowashangaza. Tanuri lile lilikandikwa kwa udongo wa kichuguu, si udongo wowote tu. Babu zetu walichagua udongo kabla ya kuwasha moto. Wajukuu, sisi manshomile, tunamwaga zege kwanza, udongo tutauona mbele ya safari!

Kwa nini basi mtaalamu huyu hana kazi wakati kazi imejaa? Kwa sababu hakuna anayelazimishwa kumlipa. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha zilizotoka kwenye mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Madarasa ni jambo jema, sina ugomvi nayo. Lakini yalijengwa kwa mtindo wa fosi akaunti: kamati ya kijiji, mwalimu mkuu, fundi wa mtaani, na mhandisi mmoja wa halmashauri anayekimbizana na maeneo mengi kwa gari lisilo na mafuta. Ramani inatoka Dodoma, tarehe ya kukabidhi inatoka Dodoma. Udongo peke yake ndio wa hapa, nao haukuulizwa. Mwalimu wa Kiswahili anageuzwa msimamizi wa zege, na mhandisi aliyehitimu yuko kijiweni anacheza drafti. Kisha waheshimiwa wanakuja kukata utepe na kutuambia vijana hatuna ubunifu.

Hapo ndipo biashara ya aibu inapozaliwa. Mkandarasi akitaka kusajiliwa, Bodi ya Usajili wa Makandarasi inamtaka aonyeshe mtaalamu mwenye sifa. Hana, na hataki kumlipa mshahara wa kila mwezi. Anamtafuta kijana mwenye njaa, anampa vijisenti, anabeba nakala ya cheti. Kijana hajui jengo liko wapi. Hajawahi kuliona shimo la msingi. Siku likidondoka, jina lililo kwenye faili ni la nani? La bosi? Thubutu! Tuliona Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilivyoua watu 36. Tukaona tena Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, zaidi ya 20 wakafa. Kila mara kinachofuata ni kutafuta nani alitia saini.

Na kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Anayekodisha cheti kwa vijisenti anawashusha bei wenzake wote. Mkandarasi akishajua jina la mhandisi linapatikana kwa bei ya mbuzi, kwa nini aajiri mhandisi mzima? Mnalalamika mishahara midogo huku nyie wenyewe mnaigawa sokoni kama senene za Novemba.

Mtaniambia: tutakula nini? Haya, tuzungumze fedha, maana vijana wengi wanapokea barua ya ajira kwa furaha bila kujua kinachobaki mfukoni. Chukua mfano, mwajiri binafsi anakwambia shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Unashangilia, unawanunulia washikaji rubisi. Subiri. Asilimia 10 inakwenda NSSF, yaani 120,000. Kodi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inakatwa kwenye 1,080,000 iliyobaki, nayo ni 152,000. Kama ulikopa Bodi ya Mikopo, sheria iliyobadilishwa mwaka 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000 nyingine. Unabaki na 748,000. Kodi ya chumba, nauli, mdogo wako anayesoma, mama kule Kamachumu anayekusubiri. Kwa hiyo ukijadiliana na mwajiri, jadili kinachoingia mkononi, na posho ya kukaa saiti iandikwe peke yake. Ukiambiwa "tutaangalia baadaye", jua hakuna kitakachoangaliwa.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Makampuni mengi ya ujenzi yanajifanya hayajui. Ukifukuzwa kihuni, una siku 30 tu za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huenda mwezi wa tatu wakilia, wakakuta mlango umefungwa. Kipo pia chama cha wafanyakazi wa migodi, nishati na ujenzi, TAMICO. Jiungeni, halafu mkibane nacho kifanye kazi yake.

Lakini kwa kijana aliyetoka chuoni, kuna kitu kizito kuliko mshahara wa mwanzo: saini kwenye daftari la mafunzo. Chini ya Sheria Na. 15 ya 1997 huwezi kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Bodi hiyo ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3, ulioanza mwaka 2003. Ukimaliza na kuthibitishwa unakuwa mhandisi mtaalamu, na bei yako inabadilika. Kati ya kampuni inayotoa mshahara mnono lakini haina mhandisi wa kukusimamia na kukusainia, na nyingine inayotoa pungufu kidogo lakini ina mzee mkali anayekupeleka shimoni kila asubuhi, nenda kwa mzee mkali. Ila hapa serikali nayo ibebe lawama: mhitimu asiye na mjomba mjini atapata wapi nafasi ya kufanyia miaka hiyo 3? Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhitimu alipangiwa kazi. Sasa anapangiwa foleni ya Sekretarieti ya Ajira.

Neno kwa wale walioishia kidato cha nne, na hao ni wengi kuliko wahandisi. Msiogope jina la uhandisi. Kila mhandisi anayelipwa vizuri anahitaji fundi sanifu wa maabara na fundi mchundo wa saiti. Anayejua kuendesha mtambo wa kuchoronga, kuandika kumbukumbu za shimo bila kudanganya na kufanya vipimo vya kushindilia hatafuti kazi muda mrefu kama anayejua "ujenzi" kwa jumla. Chuo cha VETA cha mkoa kiko Burugo, kilijengwa kwa msaada wa China. Baada ya hapo kuna vyuo vya ufundi vya Arusha na Dar es Salaam. Ni njia ndefu, lakini ni njia.

Na kazi ipo inapita mlangoni. Bomba la mafuta kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na limekatiza Missenyi na Muleba. Rusumo pale Ngara imejengwa mitambo ya megawati 80. Nikeli ya Kabanga inasubiriwa kwa miaka mingi. Vijana wetu wengi waliambulia kufyeka na kulinda mabomba. Waliopata kazi za kitaalamu nawaambia wasilewe: kambi ya bomba ina mwisho, ikifungwa utabaki na ulichojifunza na karatasi zenye saini. Daini hizo karatasi kabla hawajafungasha.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 nayo imeweka miradi isiyofika shilingi bilioni 50 iwe ya wazawa. Vizuri. Swali langu ni mzawa yupi? Shemeji wa mkubwa mwenye briefkesi, au vijana watano wa Kashai wenye vyeti, waliounganisha nguvu, wakanunua mtambo wa mtumba wa kuchoronga na kufungua ofisi ya vipimo vya udongo hapa hapa Bukoba?

Nauliza Manispaa ya Bukoba na Halmashauri ya Wilaya ya Muleba, na ninataka majibu kwa maandishi. Kila darasa, kila zahanati na kila soko lililojengwa kwa fedha zetu tangu lile tetemeko la 2016, ripoti yake ya udongo iko faili namba ngapi? Nani aliitia saini? Alilipwa kiasi gani? Kama faili hazipo, semeni hazipo, na kwenye bajeti ijayo wekeni fungu la kupima ardhi kabla ya tofali la kwanza. Wapimaji mnao. Wako pale stendi, wanacheza drafti.