Nani Mvamizi wa Bonde la Msimbazi?

Watu waliojenga Jangwani, Suna, Mkwajuni na kando nyinginezo za mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, wamezoeleka kuitwa wavamizi, na jina hilo, kwa kuwa aghalabu hutamkwa maji yakiwa yamekwisha kuingia majumbani, halipati wasaa wa kuhojiwa. Mimi naliona kuwa ni jina la dhuluma.

Mto huo hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo, hata ukaingia baharini penye Daraja la Salenda. Kariakoo, mtaa uliopimiwa Waafrika zama za ukoloni, umepakana na bonde hilo. Na kadiri ulivyojaa watu na kodi za vyumba zikapanda, fukara aliyehitaji kulala karibu na soko au kibarua chake, naye hana nauli ya kutoka mbali kila alfajiri, aliteremka bondeni. Wala hakuteremka kwa siri: alinunua mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, akavutiwa umeme, akalipa kodi ya jengo, akapiga kura, na ijapokuwa mpango mkuu wa mji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde kuwa ardhi ya hatari, mpango ulikaa ofisini, na risiti zikakaa mkononi mwake.

Desemba 2011 ilinyesha mvua iliyosemwa kuwa haijapata kuonekana tangu 1954. Wakafa watu zaidi ya 40, na waathirika wakagawiwa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini, ambako mafuriko ya Msimbazi hayafiki, wala kibarua hakifiki. Baadhi yao wakarejea. Miaka minne baadaye nyumba zilipigwa alama nyekundu ya X, zikabomolewa, ilhali karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa palepale Jangwani, nayo imefurikwa si mara moja. Sijasikia ikiitwa mvamizi.

Simshauri mtu aendelee kulala bondeni, madhali mchanga uteremkao kutoka vilima vilivyofyekwa umekwisha kuinua sakafu ya mto. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, umewalipa fidia hata wasio na hatimiliki, na hiyo ni insafu iliyochelewa. Lakini halmashauri zisipopima viwanja vidogo vya bei nafuu kando ya njia za mabasi, fidia hiyo itanunua viwanja vingine bondeni, safari hii kando ya mto mwingine wa jiji, Kizinga.