Dawa ya Deni Kulipa, Si Kikokotoo

Kikokotoo cha mafao ya mstaafu kina tarakimu tatu: sehemu ya mshahara inayohesabiwa kwa kila mwezi wa utumishi, kizidisho cha malipo ya mkupuo, na asilimia anayokabidhiwa mstaafu siku anapoaga kazi. Kwa watumishi waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, tarakimu hizo zilikuwa 1/540, 15.5 na asilimia 50. Tangu Julai 1, 2022 zikawa 1/580, 12.5 na asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha asilimia hiyo hadi 40 kwa kundi hilo.

Kutoka Kibondo hadi Kasulu, kwenye mahubiri na kwenye semina za wastaafu watarajiwa, hurudiwa kwamba mkupuo ulipunguzwa kwa huruma: mzee akishika mamilioni huyamalizia kwenye pombe na nyumba ndogo. Imani hiyo ni ya uongo, na ni tusi kwa watu waliofundisha wilaya nzima kusoma.

Mkupuo ulipunguzwa kwa sababu mfuko ulipungukiwa fedha, na chanzo cha upungufu huo kinajulikana. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuchangia pensheni. Serikali iliahidi kuwalipa yenyewe wakistaafu. Ilipoundwa PSPF, mfuko ulibebeshwa pia miaka hiyo ya nyuma, bila fedha zake. Mwalimu aliyeajiriwa Kibondo Julai 1989 na kustaafu Juni 2024 ana miezi 420 ya utumishi. Miezi 120 kati ya hiyo haikuingiziwa hata shilingi moja. Aliyeahidi ni Serikali, na dawa ya deni ni kulipa.

Badala ya kulipa, Serikali iliendelea kukopa. Fedha za mifuko zilijenga Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akalazimika kuandika mwaka baada ya mwaka kuhusu mikopo isiyorejeshwa. Agosti 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikashusha mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Desemba 28, 2018 Rais Magufuli alizisimamisha na kurudisha vikokotoo vya zamani hadi 2023. Vilidumu hadi katikati ya 2022.

Hesabu ya yule mwalimu wa Kibondo inaumbua hoja ya huruma. Kwa mshahara wa kukokotolea wa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, kikokotoo cha zamani kingempa mkupuo wa milioni 86.8 na pensheni ya takriban 467,000 kila mwezi. Cha sasa kinampa milioni 52.1 na takriban 521,000. Amepoteza zaidi ya milioni 34 ili aongezewe shilingi 54,000 na ushei kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie alichopunguziwa, inahitaji karibu miaka 53. Mstaafu wa miaka 60 atapaswa kuishi hadi 113. Huruma gani hiyo?

Kuhusu kutapanya, mwalimu wa Kasulu aliyejenga kwa tofali za kuchoma, bati moja moja, na kusomesha watoto kwa maharage ya shambani hahitaji kufundishwa kutunza fedha. Mkupuo ndio mtaji wake pekee wa mashine ya kusaga au ng'ombe wa maziwa. Wabunge hupokea kiinua mgongo chao chote kila miaka mitano, na hakuna mahubiri yanayouliza watakinywea wapi. Mzee wa kijijini ndiye anayehesabiwa kuwa mtoto, na ndiye anayepanda basi kwenda mjini na barua ya ajira ya kwanza kuthibitisha kwamba alifanya kazi.

Deni la namna hii lina utaratibu wake. Kwanza linakadiriwa na kutangazwa. Hili la kabla ya 1999 lilikadiriwa kuwa shilingi trilioni 4.6. Pili linalipwa kwa ratiba. Hatifungani maalumu isiyo taslimu ya takriban trilioni 2.17, iliyotolewa mwishoni mwa 2021, ilikuwa hatua ya kweli, lakini ilifika chini ya nusu ya deni. Kilichobaki kinastahili fungu lake kwenye bajeti ya kila mwaka, lenye kiasi na tarehe, kama wanavyolipwa wakopeshaji wa nje, ambao hakuna anayewabadilishia kikokotoo. Tatu, kanuni mpya zinapaswa kuwahusu wanaoajiriwa leo. Aliyebakiza miaka mitano kustaafu alipwe alichoahidiwa. Miezi 120 ya mwalimu wa Kibondo ni deni la Serikali, na haina sababu ya kukatwa kwenye mkupuo wake.